Pakiti inapita wapi? Maswali ya mara kwa mara kuhusu utafiti wa njia, umbo na ukuaji wa mitandao ya kompyuta

Wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wa mitandao huja na maswali yaleyale mwaka baada ya mwaka, na mafundi wa kampuni za intaneti huniandikia mengine yanayofanana nayo. Nimeyaweka pamoja hapa. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa haraka.

Kuna nini cha kutafiti? Si kazi ya ruta inajulikana tayari?

Ruta moja, yaani kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, inajulikana vizuri. Tusichokijua vya kutosha ni tabia ya ruta nyingi mno zikiwa pamoja, kila kundi likiwa na mwenyewe, na hakuna mkubwa anayezipangia. Intaneti ni muungano wa mitandao zaidi ya 75,000 inayojitegemea: kampuni za simu, vyuo, benki, wizara, watoa huduma wadogo wa mitaani. Kila mmoja una namba yake, inayoitwa namba ya AS, na kila mmoja unaamua mwenyewe nani apite kwake na nani asipite.

Utafiti unauliza mambo matatu. Pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, inachaguliwaje njia? Mitandao imeunganishwa kwa umbo gani, yaani topolojia yake ikoje? Na mpango huu utahimili vipi mtandao ukizidi kukua? Ukijaribu kujibu moja utajikuta unagusa mengine mawili, kwa hiyo usishangae msimamizi wako akikataa kukuruhusu uchague moja tu.

Kwa nini pakiti ya kutoka Dar kwenda Dar ipitie London?

Hili ndilo swali lililoniingiza kwenye kazi hii, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika ofisi moja katikati ya Dar es Salaam nikaendesha traceroute, programu inayoorodhesha ruta zote za njiani na muda wa kwenda na kurudi hadi kila moja, kuelekea seva iliyokuwa mtaa wa pili. Ungeweza kutembea kwa miguu hadi pale kabla chai haijapoa. Ruta ya kwanza ilijibu kwa milisekunde 1. Ya pili 3. Ya tatu, bado ya mtoa huduma wetu, 8. Ya nne ikajibu kwa milisekunde 161, na ndani ya jina lake kulikuwa na herufi tatu: lon. Mistari miwili iliyofuata ilibaki palepale, 162 na 163. Kisha ikaruka tena, na seva ya mtaa wa pili ikajibu kwa milisekunde 318.

Soma namba hizo taratibu. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Mruko wa milisekunde 153 kati ya ruta ya tatu na ya nne hauwezi kuwa wa ndani ya mji. Na kwa kuwa jumla ni karibu mara mbili ya safari ya London, pakiti ilikwenda London ikarudi, na jibu lake nalo likafanya vivyo hivyo. Bahari ilivukwa mara nne kwa ajili ya mtaa mmoja.

Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Mtoa huduma wa ofisi na mtoa huduma wa seva hawakuwa na waya kati yao, wala mkataba. Kila mmoja alinunua njia kwa kampuni kubwa ya nje, na kampuni hizo mbili zilikutana London. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waiweke ramani ya dunia kando kwanza: umbo la intaneti hufuata mikataba kabla ya kufuata umbali. Mwaka 2014 watafiti waliopima kwa ruta za majumbani Afrika Kusini, Kenya na Tunisia walionyesha jambo hilohilo: njia nyingi zilizopaswa kubaki barani zilizungukia Ulaya.

Vituo vya kubadilishana trafiki vinabadilisha nini hasa?

Vinawapa mitandao ya mji mmoja mahali pa kukutana ana kwa ana, kila mmoja akileta waya mmoja tu badala ya kuvuta waya kwa kila jirani. Mfano wa Kenya unafaa kusomwa na kila mtafiti wa ukanda huu. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma walifungua kituo cha KIXP Nairobi. Baada ya wiki chache mdhibiti aliamuru kifungwe, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa. Kilirudi kazini Februari 2002 kikiwa na leseni.

Kumbuka siku zile hapakuwa na mkongo wa baharini upande wetu. Trafiki ilipanda setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu: kutoka mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda mwingine kupitia Marekani, pakiti inapanda, inashuka, inapanda tena, inashuka. Hizo ni kilomita 144,000. Jibu linafanya safari hiyohiyo. Jumla ni kilomita 288,000, karibu sekunde nzima hata kama mwanga haukupumzika popote. Kituo kiliondoa yote hayo kwa swichi moja ndani ya chumba. Kufikia 2020 sehemu ya trafiki ya Kenya inayobadilishwa ndani ya nchi ilikadiriwa kuwa asilimia 70, kutoka asilimia 30 ya mwaka 2012. Tanzania ina TIX, Uganda ina UIXP, Rwanda ina RINEX. Lakini kituo kuwepo ni jambo moja, na mtandao fulani kukubali kupeana njia na jirani yake ndani ya kituo hicho ni jambo jingine, na hilo la pili halionekani mpaka upime.

Itifaki ya BGP huchaguaje njia?

BGP ni kanuni ambazo mitandao hutumia kutangaziana njia. Msingi wake ulichorwa Januari 1989, wakati wa chakula cha mchana, na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, kwenye karatasi za kufutia mikono. Kila mtandao unawatangazia jirani zake: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu, na hii ndiyo orodha ya mitandao utakayopita. Jirani anaongeza namba yake kwenye orodha na kutangaza mbele. Ukiona namba yako mwenyewe tayari imo, unaikataa njia hiyo, na kwa namna hiyo mzunguko unaepukwa.

Wengi hudhani ruta hutafuta njia fupi. Sivyo. Kwanza inatazama upendeleo uliowekwa na mwenye mtandao, na upendeleo huo kwa kawaida ni wa pesa: njia inayopita kwa mteja anayenilipa ni bora kuliko ya mwenzangu wa rika tusiyelipana, na ya rika ni bora kuliko ya mtoa huduma wa juu ninayemlipa mimi. Urefu wa orodha hutazamwa baadaye. Kilomita na milisekunde hazitazamwi kabisa.

Lixin Gao na Jennifer Rexford walithibitisha kihisabati kwamba mitandao yote ikifuata desturi hii, na pasiwe na mduara ambamo kila mmoja ni mteja wa mwenzake, basi uelekezaji utatulia. Bila desturi hiyo hakuna uhakika, unaweza kuyumba daima. Sijui sehemu nyingine ya sayansi ya kompyuta ambapo desturi ya biashara inakuwa sharti la nadharia kusimama, na ningependa kila mwanafunzi ausome uthibitisho huo kwa kalamu na karatasi mkononi.

Jedwali la njia limefikia ukubwa gani, na nani anaumia?

Mwaka 1994, muda mfupi baada ya anwani kuanza kukusanywa katika mafungu kwa mpango wa CIDR, ruta kubwa ilibeba takriban njia 20,000 kwenye jedwali lake, yaani orodha ya njia zote inazozijua. Mwaka 2014 zilivuka 500,000. Leo ni karibu milioni moja kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, peke yake.

Chukua benki moja Mwanza. Inataka huduma isikatike, kwa hiyo inanunua intaneti kwa kampuni mbili. Ili trafiki iweze kuingia kwa upande wowote, inatangaza anwani zake kivyake badala ya kuziacha zimezwe ndani ya fungu la mtoa huduma. Ni uamuzi wa busara kabisa. Lakini kuanzia siku ile, ruta kubwa ya Tokyo na ile ya Santiago lazima ziikumbuke benki ya Mwanza, na hakuna anayezilipa kwa kukumbuka. Hapo ndipo ugumu ulipo: faida ni ya mmoja, mzigo ni wa wote.

Na kumbukumbu inayohitajika si ile ya bei rahisi ya kompyuta ya mezani. Kwenye waya wa gigabiti 100 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika moja kila nanosekunde 7 hivi. Ndani ya muda huo ruta itafute, kati ya njia milioni moja, ile inayolingana na anwani kwa tarakimu nyingi zaidi. Kazi hiyo hufanywa na chipu maalumu zenye nafasi isiyoongezeka. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali lilivuka kwa muda kikomo cha njia 512K, yaani 524,288, ambacho ruta nyingi za zamani zilikuwa zimepangiwa. Nyingine zilianguka, nyingine zikawa nzito, na huduma zikayumba sehemu mbalimbali za dunia. Wataalamu walikuwa wamekutana Amsterdam tangu Oktoba 2006 kuzungumzia ukuaji huu, na kutokana na mjadala huo wazo la kutenganisha jina la kifaa na mahali kilipo lilipata nguvu, likazaa itifaki kama LISP.

Haiwezekani ruta ikumbuke kidogo tu?

Inawezekana, ila kuna bei.

Postamasta wa Kigoma akipokea barua ya Wete hahitaji kujua nyumba iko upande gani wa soko. Anatosheka kujua kwamba ni ya Pemba. Walio karibu watamalizia. Mwaka 1977 Leonard Kleinrock na mwanafunzi wake Mtunisia, Farouk Kamoun, waliipa fikra hii hesabu yake. Ukipanga nodi N, yaani vituo N vya mtandao, katika makundi ndani ya makundi kwa namna bora, jedwali linashuka hadi takriban e (2.718) mara logi asilia ya N. Kwa nodi milioni moja hiyo ni 38. Milioni inakuwa thelathini na nane! Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hiyo niliirudia nikidhani nimekosea.

Bei yake ni njia kurefuka, kwa sababu unaporuhusu ruta isahau, wakati mwingine itakupeleka kwa kuzunguka. Kamoun na Kleinrock walionyesha kwamba katika mtandao mkubwa ambao njia zake ni ndefu, ziada hiyo haisumbui. Shida ni kwamba intaneti si mtandao wa namna hiyo. Orodha za BGP huwa na wastani wa mitandao minne hivi kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, na ukiongeza hatua moja tu umeongeza robo ya safari.

Baadaye nadharia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 Mikkel Thorup na Uri Zwick walitoa mpango ambao jedwali lake linakua karibu na kipeuo cha pili cha idadi ya nodi, huku njia isizidi kamwe mara tatu ya iliyo fupi kabisa. Mwaka 2004 Dmitry Krioukov na wenzake waliujaribu kwenye grafu, yaani michoro ya nodi na viungo, zenye umbo kama la intaneti, wakakuta kwamba kwa wastani njia hurefuka kwa takriban asilimia 10 tu. Habari njema. Lakini mwaka 2007 kundi lake lilirudi na jibu zito: mipango hii inadhani mtandao umetulia. Viungo vikikatika na kurudi kila saa, gharama ya kuhabarishana haishuki kwa kiwango tulichokitamani. Kwangu mimi hapo ndipo mlango ulipo wazi kwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye subira.

Ni kweli intaneti ina nodi chache zilizounganishwa na karibu kila mtu?

Ndugu watatu, Michalis, Petros na Christos Faloutsos, waliandika hivyo mwaka 1999. Walihesabu kila mtandao una majirani wangapi wakaona kwamba wengi wana wawili watatu na wachache wana mamia, kwa mpangilio wa sheria ya vipeo (power law). Mwaka uliofuata wanafizikia wakasema mtandao wa namna hiyo unahimili nodi kuanguka ovyo, lakini adui akipiga chache zilizo kubwa, wote utasambaratika.

Taswira hiyo bado inarudiwa kwenye tasnifu nyingi, na mimi naipinga pale inapotumika bila kuangalia. Mwaka 2003 Lakhina na wenzake walionyesha kwamba ukiipima grafu ya nasibu kabisa kwa traceroute kutoka vituo vichache, matokeo yatafanana na sheria ya vipeo hata kama haimo. Ni kama kuuchora mji wa Morogoro ukiwa umesimama stendi ya mabasi: barabara zote zitaonekana zinakutana stendi. Mwaka uliofuata Lun Li, David Alderson, Walter Willinger na John Doyle wakauliza ruta yenyewe inaweza nini. Ruta haiwezi kuwa na milango mingi sana na kila mlango uwe na kasi kubwa sana. Kwa hiyo katikati ya mtandao wa kampuni kuna ruta zenye viungo vichache vyenye kasi, na zenye viungo vingi ziko pembezoni zikikusanya wateja. Ukizipiga hizo utawaudhi wateja wa eneo lile tu. Somo kwa mwanafunzi: kabla ya kuchora mstari kwenye grafu, uliza nodi ni nini. Ruta? AS? Mji? Kila moja ina jibu lake.

Kwa nini viungo vya kwetu havionekani kwenye ramani za intaneti?

Kwa sababu ya ile desturi ya pesa. Hazina kubwa za data, kama RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon na RIS ya RIPE, jumuiya ya mitandao ya Ulaya, iliyofuata, hukusanya matangazo ya BGP kutoka kwa mitandao iliyojitolea. Mitandao miwili ya rika ikipeana njia Dar, kila mmoja anawatangazia wateja wake tu, hampi mtoa huduma wake wa juu. Kwa hiyo tangazo halifiki kamwe kwa msikilizaji aliyekaa ng'ambo. Si Afrika pekee: mwaka 2012 watafiti walioruhusiwa kutazama ndani ya kituo kimoja kikubwa cha Ulaya walikuta viungo vya rika zaidi ya 50,000, vingi vikiwa havimo kwenye ramani yoyote.

Dawa ni kuweka masikio huku. RouteViews ina kifaa chake pale KIXP, na kila kipya kinachowekwa kinaonyesha viungo ambavyo kwenye vitabu havipo.

Kiungo kikikatika, mtandao unachukua muda gani kupata njia nyingine?

Watu hujibu "papo hapo". Craig Labovitz na wenzake waliripoti mwaka 2000, baada ya miaka miwili ya kupima, kwamba kuhama njia kulichukua wastani wa dakika 3, na mara nyingine majedwali yaliendelea kuyumba hadi dakika 15. Sababu ni kwamba njia iliyokufa inabaki hai kwenye masimulizi ya majirani: kila mmoja anajaribu ile aliyoisikia kwa mwingine, mpaka zote ziishe.

Tuna mikongo kadhaa ya baharini. Mbona Mei 2024 tulikwama?

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, miezi michache baada ya mikongo mingine kukatika Bahari ya Shamu. Tanzania iliumia sana, na nchi jirani pia. Kwenye grafu ya mitandao, mtoa huduma aliyenunua njia kwa kampuni mbili anaonekana ana viungo viwili. Chini ya bahari huenda viungo hivyo vinalala jirani kwenye sakafu moja, na tukio moja likavichukua vyote. Topolojia ya mikataba na topolojia ya nyaya ni vitu viwili, na kazi ya kuzioanisha kwa ukanda wetu bado ni changa mno. Mwanafunzi akiniuliza mada, hii ndiyo ninayoitaja kwanza.

Na vituo vya data?

Huko mmiliki ni mmoja, kwa hiyo umbo linachaguliwa. Mwaka 2008 Al-Fares, Loukissas na Vahdat walionyesha kwamba kwa swichi za kawaida za milango k unaweza kuunganisha seva k³/4 bila msongamano. Swichi za milango 48 zinabeba seva 27,648. Ni eneo zuri, ila maswali yake makubwa yanahitaji vifaa ambavyo kampuni chache tu zinavyo.

IPv6 haitamaliza tatizo la jedwali?

Hapana. Mfumo huo mpya wa anwani unaongeza anwani, haupunguzi sababu za kutangaza. Jedwali lake limeshapita njia 200,000 na ruta inalibeba pamoja na lile la IPv4.

Chuo chetu hakina maabara. Nianze na nini?

Kompyuta ya mkononi yenye Linux inatosha. Ndani yake unaweza kuwasha ruta ishirini za kuigiza kwa kutumia programu za Mininet na FRRouting au BIRD, uzipe sera za wateja na rika, kisha ukate kiungo na utazame matangazo yakimiminika. Data za RouteViews, RIS na CAIDA, kituo cha Marekani cha utafiti wa intaneti, hupakuliwa bure au kwa kujiandikisha. Kwa vipimo vya kweli kuna RIPE Atlas: kifaa kidogo unachochomeka kwenye ruta ya nyumbani, nacho kinakupatia pointi za kuagiza vipimo kutoka maelfu ya vifaa vingine duniani. Anza na jambo dogo: chagua mitandao kumi ya mji wako, pima kila mmoja kuelekea mwenzake kwa wiki mbili, mchana na usiku. Pima pande zote mbili, kwa sababu njia ya kwenda si lazima iwe ya kurudi. Vern Paxson aliona mwishoni mwa 1995 kwamba karibu nusu ya njia alizopima zilipitia angalau mji mmoja tofauti wakati wa kurudi.

Nahitaji ruhusa kupima?

Ukipima kutoka mtandao wa chuo au ofisi, mwombe fundi wake kwanza, kwa maandishi. Punguza kasi ya vipimo visije vikafanana na shambulio. Weka kwenye anwani unayopimia ukurasa mfupi unaoeleza wewe ni nani na unafanya nini, na mtu akiomba mtandao wake uachwe, uuache siku hiyohiyo. Matokeo yakionyesha kampuni fulani inapeleka trafiki ya mtaani ng'ambo, wapelekee mafundi wake kabla ya kuyachapisha. Wale niliowapelekea mistari yangu ya traceroute hawakuwa wamewahi kuiona njia ile kwa macho yao. Walidhani waya wa kituo cha kubadilishana trafiki ulishawashwa.